Kigari cha Tairi Tatu na Kiwiko cha Mama

Kigari cha kwanza nilichomchagulia dadangu kilikufa kabla hajakikalia, na aliyekiua ni mimi. Nilikipakia mitungi mitatu ya maji nikakisukuma kwenye barabara ya marram ya Kiganjo, kutoka bomba la kanisa hadi ploti yetu ya nyumba za kupanga, nikiimba. Mtungi mmoja ulikuwa wetu. Mwingine ulikuwa wa jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa ameniahidi chapati. Wa tatu ulikuwa wa Njoro, ambaye hakuniahidi kitu, lakini Njoro ni mtu wa bodaboda na mimi nilitaka siku moja anifunze kuendesha. Tulipofika karibu na kinyozi, tairi la mbele liligeuka kando, likajilaza chini kama mbuzi aliyechoka, na chuma kilicholishika kikajikunja. Maji yote yaliingia kwa kinyozi. Mteja alitoka nje kuja kuona, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado.

Nawaandikia nyinyi mnaotufuata, mlio Grade Six na Seven, ambao siku si nyingi mtaambiwa, "Wewe ni mkubwa sasa, saidia mama na mtoto." Mimi niko form three na nimestaafu. Nilifanya kazi ya kuchagua na kusukuma kigari cha mtoto likizo nzima ya Agosti, na nikaimaliza nikiwa na viungo vyote. Walimu wakistaafu hupewa godoro, mbuzi na saa ya ukutani. Mimi sikupewa hata biskuti, kwa hivyo nimejipa mwenyewe ruhusa ya kutoa mawaidha.

Kwanza mjue tulikuwa wapi. Mama alikuwa amefanyiwa operesheni ya tumbo, na daktari akamkataza kuinua kitu chochote kizito mpaka atakapomwambia. Baba anafanya kazi mbali na huonekana mwisho wa mwezi. Dadangu Wambui ana miaka miwili na kidogo, na kama mngemwona mngejua ni kitu kizito. Chakula kikiletwa huyo hana mchezo. Mama ana kazi kwenye kiwanda hapa Thika, na supavaiza alikuwa amemwambia kwa upole kwamba anamshikia nafasi yake mpaka Jumatatu ile shule zinafunguliwa. Baada ya hapo, wasichana wanaongoja nje ya geti ni wengi. Cucu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutulea, lakini ng'ombe wake walikuwa nyumbani wakichungwa na mjomba ambaye Cucu hamwamini hata na kuku. Jumapili angerudi. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi mimi niko njiani kwenda shule, Cucu yuko kwa ng'ombe, na Mama anatakiwa amfikishe Wambui kwa Mwalimu Rhoda, mahali anapolea watoto wa wazazi walio kazini, kisha awahi kiwanda. Kwa Mwalimu Rhoda ni mbali kwa miguu ya Wambui. Anatembea hatua chache, anaketi chini, anaokota mawe.

Kwetu mtoto hubebwa mgongoni. Hilo halina mjadala. Cucu alibeba watoto wake wote huku akichuma kahawa, na alipoona kile kigari cha kwanza, kabla sijakiua, alikizunguka kama mtu anayekagua gari la polisi.

"Hii ni ya watu wa lami," alisema. "Mtoto si viazi."

"Cucu, dunia imebadilika."

"Dunia imebadilika, matope ya hapa yamebadilika?"

Mama alikuwa kitandani akisikia yote. Kila asubuhi Wambui alikuwa akichukua leso, anaiburuta mpaka kitandani, anamshika Mama mgongo, anangoja abebwe. Mama alikuwa anamshika kichwa tu na kumwambia, "Kesho, mami." Hilo ndilo lililofanya wamama wa chama chake cha akiba wachange kwa ajili ya kigari, na mimi nikatumwa Thika sokoni kukichagua kwa sababu, eti, mimi ni mwanamume na najua mambo ya magurudumu.

Nilijua nini? Nilichagua chekundu. Kilikuwa na tairi tatu, mbili kubwa nyuma na moja ndogo mbele, na kulikuwa na mahali pa kuweka chupa ya soda. Ukweli ni kwamba kile kishikio cha soda ndicho kilinimaliza. Muuzaji, mama mmoja mnene wa vichekesho, alikisukuma mbele yangu kwa kidole kimoja juu ya turubai lake.

"Unaona, boss? Hii inajiendesha."

Ilijiendesha kweli. Juu ya turubai hata sufuria inajiendesha. Kitu cha magurudumu kijaribiwe mahali kitakapotumika, na mahali petu ni mawe, mitaro, mchanga na mbwa aliyelala katikati ya njia asiyetambua honi ya gari.

Basi nikakileta, na siku hiyo hiyo maji yakaja. Mnajua maji yakija kwenye ploti. Kitu chochote chenye tairi si chako tena. Hata kiti cha ofisi cha mtu wa mlango wa mwisho kimewahi kubeba mitungi. Nilishindwa kukataa, na pia ile chapati ilinisemesha.

Nilipokirudisha nyumbani begani, tairi likining'inia, Cucu alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa tayari kwa kelele za Mama. Nilikuwa hata nimeandaa majibu. Hakupiga kelele. Alikitazama, akamuuliza Cucu taratibu, "Huwezi kuongeza wiki moja?"

Cucu akaacha kucheka, akamwita Mama kwa jina. "Na ng'ombe, Wanjiru?"

"Sawa," Mama alisema, akageukia ukuta.

Afadhali angenichapa. Mtu akikuchapa, mambo huisha.

Njoro alijisikia vibaya kidogo kwa sababu ya mtungi wake, akachukua kile chuma akakinyoosha kwa nyundo na jiwe. Hakikufaa kubeba mtoto tena, lakini kilifaa kuwa shule yangu. Njoro ndiye mwalimu wangu wa kwanza katika kazi hii, na kama walimu wengine wote, nusu ya aliyonifunza ilikuwa sawa. Alinionyesha pini ndogo juu ya tairi la mbele. Ukiiinua, tairi linazunguka huku na huku na unaweza kukata kona kwenye duka bila kuangusha mayai. Ukiifunga, tairi linaangalia mbele tu, na hivyo ndivyo unavyopita kwenye mawe. Mimi nilikuwa nimepita kwenye mawe na mitungi mitatu, pini ikiwa wazi. Yaani nilikuwa nimeliambia tairi lijichagulie njia.

Nusu ya pili ilikuwa upepo. Njoro alijaza tairi zote kama anavyojaza pikipiki anapobeba magunia. Tukaweka pakiti ya unga kwenye kiti, ndiyo mtoto wetu, tukaifunga mkanda nusunusu, nikasukuma. Kwenye jiwe la kwanza unga uliruka. Kwenye la pili ulitoka nje na kupasukia chini. Cucu aliuzoa mwenyewe, akauchekecha mara kadhaa, na jioni tukala ugali uliokuwa na maoni yake.

"Mnataka kumrusha mjukuu wangu hivyo?" alimuuliza Njoro.

"Cucu, tulikuwa tunatesti."

"Mngetesti na kichwa chako."

Tairi za upepo za kigari cha mtoto ziwe laini. Bonyeza kwa kidole gumba. Likiwa kama parachichi la kula kesho, umefika. Likiwa kama jiwe, mtoto atafika akiwa amechanganyika. Likiwa kama parachichi la jana, utasukuma mpaka ulie.

Sasa nilikuwa najua pini na upepo, na nikajiona fundi. Ijumaa tulirudi sokoni, mimi, Cucu na Wambui, na maiti ya kile chekundu. Yule muuzaji alikikagua huku akijizuia kucheka.

"Ulikuwa umembeba nani, mwalimu mkuu?"

"Maji."

"Haiya. Si ungeniambia unataka mkokoteni."

Alikubali kukichukua kwa vipuri, na akatuonyesha kingine. Jamani, hicho kilikuwa kizuri. Kirefu, cheusi, tairi kama za baiskeli, pini ya chuma. Nilikisukuma nje ya turubai, kwenye kokoto, nikakipandisha kwenye ukingo wa lami, nikakishusha. Hakikutetemeka. Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Lakini Wambui, ambaye hakuna mtu alikuwa amemuuliza chochote, alijivuta mpaka mbele, akaweka mguu kwenye ubao wa miguu ili apande.

Kigari kilimwinamia. Kiti chote kilikuja mbele na tairi za nyuma zikapanda hewani. Cucu alimdaka kwa gauni.

Muuzaji hakushtuka. "Hizi za tairi tatu ziko hivyo, hasa ndefu. Mbele kuna tairi moja tu. Mtoto haingii mwenyewe. Unamwinua, unamweka."

"Nani anamwinua?" nikauliza.

"Si ni mama yake?"

Mimi na Cucu tulitazamana. Siku zote hizo tulikuwa tumebishana juu ya tairi, rangi, upepo na matope. Tulikuwa tunakichagua kana kwamba mimi ndiye nitakayekisukuma. Mwenye kukisukuma alikuwa nyumbani, amekatazwa kuinua hata ndoo, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza anaweza nini.

"Tuondoke," Cucu alisema.

"Na kigari?" muuzaji akauliza.

"Tutarudi tukikosa."

Nilipofika nyumbani nilichukua fagio la mti mrefu nikaingia kwa Mama.

"Mama, simama kidogo."

"Unataka kufagia chini yangu?"

"Simama wima. Kiwiko kando ya mwili, hivi."

"Kamau, mimi sijakufa. Unanipima nini?"

Niliweka fagio kando yake, nikalivisha raba ya kufungia pesa, nikaivuta mpaka ikafika usawa wa kiwiko chake, kisha chini kidogo. Mpini wa kigari ukiwa chini ya hapo, mtu huinama, na akiinama tumbo lake linavutwa. Hiyo nilikuwa nimeisikia kwa Mama mwenyewe akinung'unika juu ya karo la kuoshea vyombo. Nikamuuliza, kukunja magoti unaweza? Anaweza. Kukunja mgongo? Hapana. Kuvuta kitu kuja kwako? Kidogo, kwa mikono yote miwili. Kukanyaga breki ngumu kwa mguu? Akajaribu kwenye mguu wa meza, akashika tumbo, akasema hapana, hiyo hapana.

Halafu akaketi, akaongea. Alinieleza mahali panapouma na pasipouma, jinsi anavyotoka kitandani kwa kugeuka kwanza kando, jinsi anavyoogopa ule mtaro mbele ya kwa Mwalimu Rhoda kuliko anavyoogopa supavaiza. Aliongea kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameongea tangu arudi kutoka hospitalini. Cucu alikuwa mlangoni akisikiliza na hakutia neno, jambo ambalo familia yetu inapaswa kulisherehekea kila mwaka.

Njoro ndiye aliyejua kilipo kigari cha kutufaa. Alikuwa amempeleka abiria Mugutha, huko Ruiru, akaona kigari cha tairi tatu kwenye veranda ya nyumba moja.

"Kimejaa viatu," alisema. "Hao mtoto wao amekua. Kimekaa tu."

Jumamosi tukaenda. Cucu na Wambui walipanda nyuma ya Njoro, Wambui katikati, na Cucu akabeba lile fagio akilisimamisha kama bendera. Mimi niliwafuata kwa baiskeli yangu, barabara ya kando, nikisikia watu wakiuliza kama siku hizi bodaboda zinabeba usafi. Nilifika Mugutha nikiwa nimelowa jasho, na mwenye nyumba, Mama Neema, alikuwa amesimama getini akitazama fagio.

"Mmekuja kununua ama kufagia?"

"Tunaanza na kununua," Cucu alisema.

Viatu vikatolewa. Kigari kilikuwa na rangi ya haradali iliyochoka kwa jua, na kilinuka soksi. Hakikuwa na mahali pa soda. Kiti kilikuwa chini na nyuma, katikati ya zile tairi kubwa, na ubao wa miguu ulikuwa umekaa nyuma ya tairi la mbele, sio juu yake. Sikugusa chochote. Nilimshusha Wambui kwenye nyasi nikamwambia, "Panda."

Akaukanyaga ubao. Nilikuwa nimenyoosha mikono tayari kumdaka. Kigari kikadidimia kidogo kwenye majani, kikatulia. Wambui akageuka, akaketi, akapiga makofi ya kujipongeza, kisha akadai apewe kiatu kimoja kilichobaki ndani.

Nikaleta fagio. Mpini ulikuwa unapandishwa kwa vitufe viwili kando. Nikaupandisha mpaka ukafika kwenye raba. Breki ilikuwa ya mkono, kama ya baiskeli. Nikaikamata kwa vidole viwili, ikashika. Kisha nikafanya kile nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nilitoka nje ya geti, ambako barabara ya Mugutha ni sawa na yetu kwa ukatili, nikafunga pini, nikamsukuma Wambui juu ya mawe huku nimekunja mkono mmoja tumboni, nikijifanya Mama. Nilisukuma hivyo mpaka kona na kurudi. Watoto wa jirani walidhani naumwa.

"Huyu ako sawa?" Mama Neema alimuuliza Cucu.

"Hapana," Cucu alisema. "Lakini leo anafanya kazi."

Tairi moja la nyuma lilikuwa na mpasuko mdogo, na nikausema wazi, kwa sababu ukinyamazia kasoro muuzaji anajua wewe ni mgeni. Mama Neema alitaka bei ambayo hatukuwa nayo. Cucu akaanza kuomba apunguze, wakaingia kwenye mambo ya kanisa, wakakuta wanajuana na mchungaji mmoja, na bado bei ilikuwa juu ya mlima. Wakati huo kijana wa Mama Neema, wa umri wenu nyinyi ninaowaandikia, alikuwa anazunguka baiskeli yangu. Anaigusa kengele. Anainama kuangalia mnyororo.

Nilijua kabla sijasema. Ile baiskeli nilikuwa nimeijenga mwenyewe kutoka vipande, na kila kipande nilikiomba kwa mtu. Nilimwangalia Wambui amelala kwenye kile kigari cha soksi, kiatu cha mtu kifuani.

"Tubadilishane," nikamwambia Mama Neema.

"Kamau," Cucu alisema.

"Breki ya nyuma inalia kidogo," nilimwambia yule kijana. "Usiipake mafuta. Ukiipaka haitashika."

Sitawadanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia nimeibiwa, na mwizi ni mimi. Hiyo huisha baada ya siku kadhaa. Njoro alifunga kigari nyuma ya pikipiki kwa mpira, Cucu akarudi na mimi na Wambui kwa matatu. Tulipofika Kiganjo akaninunulia mahindi ya kuchoma, kwa hiari yake, bila mimi kuomba. Wanaomjua Cucu wataelewa.

Jumapili tulimfunza Mama katika uwanja wa ploti, kabla Cucu hajaondoka. Nilikuwa nimekiosha kigari kwa sabuni, nikabadilisha tyubu, nikalainisha tairi. Ploti nzima ilitoka kutazama, na jirani wa mlango wa pili aliuliza kama kesho kitakuwa na nafasi ya mtungi. Cucu alimjibu kwa Kikuyu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mama alishika mpini. Wambui akapanda mwenyewe. Mama akakunja magoti, mgongo wima kama askari, akafunga mkanda. Alisukuma mpaka kwenye kamba ya nguo, akageuka, akarudi. Tukamwekea ubao chini uwe mtaro. Nilimwonyesha: usiunyanyue mpini juu, ukinyanyua unainua mtoto. Geuka, tangulia wewe, ukivute kwa nyuma, tairi mbili kubwa zipande kwanza, na ile ndogo itafuata kama mkia. Mara ya kwanza kilikwama. Mara ya pili alisimama, akapumua, akakivuta taratibu kwa mikono yote miwili, kikapita. Alirudi akapita tena, na tena, mpaka Cucu akamwambia atachosha ubao.

Jumatatu nilitakiwa kuwa shuleni kabla ya kengele. Sikuwa. Nilijificha nyuma ya kioski nikiwa na yunifomu na begi, nikamwona Mama akitoka getini. Alikuwa amevaa koti la kiwanda. Alisimama kwenye kona, akainama kwa magoti, akafunga pini. Kumbe alikumbuka. Akapita kinyozi, akazunguka yule mbwa, mimi nikimfuata kwa mbali kutoka kioski hadi kioski, na alipofika kwenye mtaro alisimama kwa muda mrefu hivi kwamba nikaanza kutoka mafichoni. Halafu akageuka, akawa ananitazama uso kwa uso bila kuniona, akavuta. Tairi kubwa zikapanda. Ndogo ikafuata. Wambui alikuwa ameinua mikono juu kama yuko kwenye bembea. Mama akafika ng'ambo, akaweka mkono tumboni, akaunyanyua akautazama kama anayetafuta damu, akaona hakuna kitu, akaendelea.

Shuleni nilifika nimechelewa, na naibu wa mwalimu mkuu akanipa eneo la choo nilisafishe. Nilimwambia nilikuwa kazini. Akaniongezea na karo la kunawia.

Kwa hivyo nikiwaambia chochote kabla sijanyamaza, ni hiki. Usianze na kigari. Anza na mwenye kukisukuma. Muulize panapouma, muulize urefu wa mkono wake, muulize njia yake ina nini. Kisha mchukue mtoto mwenyewe akapande. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na kishikio cha soda mkisamehe.

Jioni hiyo Mama alirudi kutoka kiwandani akimsukuma Wambui aliyelala. Kazi yake ilikuwa bado yake. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikijifanya nasoma, nikingoja sifa zangu. Alifunga breki, akavua viatu, akaketi kando yangu, akanyoosha miguu. Maneno aliyosema, nayaweka hapa yote, bila kuongeza:

"Wamama wote wa kwa Mwalimu Rhoda wameniuliza ni nani alinichagulia hii strola. Nikawaambia nilichagua mwenyewe. Uko na shida?"